AMANA YA NYUMBA YA URITHI
Mwenye Ruhusa ya Kuuza, Je, Ana Ruhusa ya Kunyamaza?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mrithi wa ardhi na wote walio juu yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake.

Ama baadu. Ndugu zangu Waislamu, mas-ala tuliyoiandika katika kurasa hizi chache si ya mwizi. Mwizi wa mali ya urithi hukumu yake yajulikana, wala hahitaji kuandikiwa kitabu. Mas-ala yetu ni ya mtu mwema. Ni ya yule aswaliye safu ya mbele, aliyechaguliwa na jamaa zake kuwa msimamizi wa mirathi, akauza nyumba kwa bei ya haki, akalipa madeni, akagawanya fedha kwa mafungu ya Sharia bila ya kupunguza hata senti moja. Ila hakumwambia mtu neno mpaka nyumba ilipokuwa imekwisha kuuzwa. Je, mtu huyu amedhulumu, au hakudhulumu?

MFANO WA NYUMBA MOJA

Na tuchukue mfano, ili maneno yasielee hewani. Tuseme nyumba iko Majengo, katika mji wa Mpanda. Mji huo ulikuzwa na madini ya risasi na reli ya tawi itokayo Kaliua, na leo ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012. Na jina la Majengo si geni kwetu sisi watu wa pwani; Mombasa iko Majengo, na miji mingi ya bara ina mtaa wa jina hilo hilo.

Tuseme mzee mmoja, asili yake Tanga, alikwenda huko kwa kazi ya reli, akaoa, akajenga nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, kama tujengavyo kwetu. Kisha akafa. Ameacha mjane, wana wawili wa kiume na binti watatu. Mwana mkubwa yuko hapo Mpanda, na wa pili yuko Mombasa. Binti mmoja ameolewa Tanga, wa pili yuko Tabora, na wa tatu hajabaleghe bado, akaa na mamake katika chumba cha mbele. Vyumba vinne vina wapangaji, na kodi yao ndiyo inayonunua unga wa nyumba.

Mwana mkubwa amefanywa msimamizi. Ameuza nyumba kwa shilingi 26,000,000. Marehemu alikuwa na deni la 2,000,000, amelilipa; zimebaki 24,000,000. Mjane amepata thumni yake, 3,000,000. Zilizobaki, kila mwana wa kiume amepata 6,000,000 na kila binti 3,000,000. Hisabu hii haina ila. Mwanachuoni yeyote akiitazama ataipitisha.

Lakini yule binti wa Tanga alipopelekewa fedha zake alilia. Akaulizwa, "Walilia nini, na haki yako umeipata yote?" Akajibu, "Nimepata fedha ya nyumba ya baba. Lakini mimi na mume wangu tungaliweza kuinunua."

SERIKALI YASEMAJE

Yatupasa tuseme kwanza lililo haki juu ya sheria ya nchi, kwani wengi huisema bila ya kuijua. Kadhi wa Kenya yumo katika Katiba ya mwaka 2010, na Zanzibar ina Mahakama ya Kadhi. Lakini Tanzania bara, tangu miaka ya sitini ya karne iliyopita, mirathi ya Mwislamu haipelekwi kwa kadhi wa serikali, bali mtu wa Mpanda huenda Mahakama ya Mwanzo, na hakimu hutazama mirathi hiyo kwa Sharia ya Kiislamu. Jamaa hukaa kikao, huandika muhtasari wa kumpendekeza mmoja wao. Hupelekwa pamoja na cheti cha kifo. Tangazo hutolewa, ili mwenye kupinga apinge. Kisha hakimu humteua msimamizi.

Kabla ya uteuzi huo hapana mtu mwenye uwezo wa kuuza nyumba ya marehemu, awe mwana mkubwa, awe ami, awe mjane. Mwenye kununua kwake amenunua upepo, na mhuri wa mtaa hautamfaa kitu.

Baada ya uteuzi, kazi ya msimamizi ni kukusanya mali, kulipa madeni na gharama, kisha kugawa. Na kwa Kanuni za Mahakama za Mwanzo za mwaka 1971, yampasa katika muda wa miezi minne apeleke mahakamani orodha ya kweli ya mali yote na madeni yote, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Na katika hukumu moja ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyochapishwa katika majalada ya hukumu za mwaka 1994, majaji walisema ya kwamba msimamizi halazimiki kwa sheria kupata ridhaa ya warithi wote ndipo auze nyumba ya marehemu.

Msiishangae hukumu hii, wala msiitukane. Ina hekima yake. Lau kila mrithi angekuwa na uwezo wa kuzuia, mmoja mkaidi angewafunga wenziwe miaka ishirini, na marehemu angebaki kaburini na deni lake. Na sote twazijua nyumba za urithi ambazo haziuzwi wala hazigawanywi: ndugu waume wakaa ndani na kula kodi, na dada zao huambiwa kila mwaka, "Nyumba ya baba haiuzwi." Hiyo nayo ni dhulma, na imevaa kanzu ya mapenzi. Basi kuuza si dhambi. Mara nyingine kutouza ndiyo dhambi.

SHARIA YASEMAJE

Mwenyezi Mungu, katika Suratu Nnisaa, ameyaweka mafungu ya urithi nyuma ya wasia na deni. Kwa hivyo nyumba ya marehemu mwenye deni imefungika kwa deni lake kama rahani, na warithi hawawi huru nayo mpaka deni litoke. Katika hili msimamizi wetu hakukosa.

Ama mjane, idda yake, ikiwa hana mimba, ni miezi minne na siku kumi, na yapasa aikalie katika nyumba aliyofiwa. Tazameni basi: mahakama imempa msimamizi miezi minne ya kuandika orodha, na Mola amempa mjane miezi minne na siku kumi za kutulia. Haraka ya kumtoa yatoka wapi? Haikutoka kwa hakimu wala haikutoka mbinguni. Imetoka kwa mnunuzi mwenye fedha mkononi.

Ama yule binti mdogo, Imam Nawawi ameandika katika Minhaj, kitabu ambacho wanachuoni wa pwani yetu wamekisomesha vizazi kwa vizazi, ya kwamba mwenye kusimamia mali ya yatima hauzi nyumba yake wala shamba lake ila kwa haja, au kwa faida iliyo dhahiri. Bei ya haki peke yake haitoshi. Ni lazima iwe kuuza kwamfaa mtoto kuliko kutouza. Na ni nani atakayelipima jambo hilo, ikiwa mamake mtoto, ambaye ndiye anunuaye unga kwa kodi ya vyumba, hakuulizwa?

Ama wakubwa waliobaki, iko hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Jabir bin Abdillahi, juu ya washirika katika nyumba au shamba: Mtume hakumhalalishia mshirika kuuza mpaka ampe khabari mwenziwe, akipenda atwae, akipenda aache. Haki ya ilimu yataka tuseme ya kwamba Imam Nawawi ameifasiri khabari hiyo kuwa ni jambo la kupendekezwa, na kuuza bila ya kuitoa ni makuruhu, si haramu. Lakini fikirini, ndugu zangu. Hadithi hiyo yamhusu mtu auzaye fungu lake mwenyewe. Ikiwa auzaye chake ametakiwa aseme, yuwaje yule auzaye cha wenziwe?

IDHINI NA KHABARI

Hapa ndipo kilipo kifundo cha mas-ala yetu. Idhini ni kitu kimoja, na khabari ni kitu kingine. Sheria imemwondolea msimamizi mzigo wa idhini, ili asizuiwe na mkaidi. Yeye akadhani ameondolewa mzigo wa khabari pia, na huko ndiko kukosea kwake.

Mwenye kupewa khabari aweza kufanya mambo matatu. Aweza kuleta mnunuzi wa bei bora. Aweza kulishuhudia deni, kuwa ni kweli au ni uwongo. Na aweza kusema, "Nihisabieni fungu langu, nami nitaongeza zilizobaki, nyumba isitoke." Msimamizi aliyenyamaza hakuchukua fedha ya mtu, bali amechukua mambo hayo matatu. Fedha hulipika kesho. Nafasi ya kuchagua ikipita hailipiki. Basi jawabu letu ni hili: mtu huyu hakuiba, lakini amedhulumu, na dhulma yake ni nzito kwa kuwa haionekani katika hisabu, na asiyeiona hatubu.

Atasema mtu, "Dada zetu wameolewa, wana nyumba zao." Twamjibu: Mwenyezi Mungu aliwapa fungu naye alijua ya kuwa wataolewa.

Atasema mwengine, "Mimi niliwauliza, wakasema, fanya utakavyo, kaka." Huyu aangalie aliuliza vipi. Ikiwa aliuliza mbele ya watu, matanga hayajaondoka, na mnunuzi amekaa barazani, basi alilopata si ridhaa, ni haya. Na wanachuoni wetu wamekihisabu kinachotwaliwa kwa upanga wa haya kuwa sawa na kilichotwaliwa kwa nguvu.

Na wa tatu atasema, "Ningewaambia wangegombana." Yumkini. Lakini ugomvi wa siku tatu kabla ya kuuza ni mwepesi kuliko chuki ya miaka thelathini baada yake. Na zama hizi Tanga na Mombasa si mbali. Simu iko mfukoni, na neno moja lafika kabla ya chai kupoa. Asiyesema leo hana udhuru wa njia.

WASIA WETU

Ewe uliyeteuliwa msimamizi, andika mali na madeni, uwasomee warithi wote kabla ya kuyapeleka kwa hakimu. Mwache mjane amalize idda yake. Nyumba ikilazimika kuuzwa, wape khabari, uwataje bei na siku, na uwape muda wa haki wa kujibu. Aliye nje ya mji mwandikie, ibaki hati. Mrithi atakaye kuinunua kwa bei ya soko mtangulize kabla ya mgeni. La mtoto mdogo lipime peke yake, na fedha yake iweke peke yake. Ukiisha kufanya hayo, na mkaidi akazuia bila ya sababu, hapo itumie ruhusa uliyopewa na mahakama, uuze, wala usiwe na hofu.

Nawe mnunuzi, usitosheke na barua ya usimamizi, ijapokuwa bila ya barua hiyo usitoe hata shilingi. Ingia ukumbini, umsalimie mjane, uulize wana wangapi, na kama wajua. Nyumba utakayoilalia usiku isiwe na mtu ailiaye mchana.

Na sote tukumbuke ya kuwa kila msimamizi wa leo ni marehemu wa kesho, na nyumba yake itakuwa mikononi mwa mwengine. Basi na awatendee warithi wa leo kama apendavyo watendewe wanawe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe uaminifu katika amana, na atukinge na dhulma tunayoijua na tusiyoijua. Amin.

Wallahu aalam.