Bustani Yetu Ugenini

Somo: Yeremia 28; 29:1-7



Tunawasalimu ninyi nyote mnaokaa Kisugu, Namuwongo, Nsambya na Katwe. Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa la kiroho: udongo.

Wengi wetu tulitoka Kivu na Ituri. Tulikuwa na mashamba ya mihogo, maharagwe na ndizi. Ndugu zetu walioko Nakivale, Kyaka II na Kyangwali walipewa vipande vya ardhi. Sisi wa mjini, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, lakini hatupewi shamba wala chakula cha mgao. Mboga tunanunua, makaa tunanunua, hata maji tunanunua kwa jerikeni.

Ndipo mtu anasema, "Nipande kwa nini? Mimi ni msafiri, kesi yangu iko njiani." Maneno hayo tunayajua, maana tumeyasema sisi wenyewe. Tulikaa miaka tukingoja simu. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha programu yake ya kupokea wakimbizi, na kilio kikaingia katika nyumba zetu.

Wapendwa, kule Babeli kulikuwa na watu kama sisi. Hanania alitabiri kwamba baada ya miaka 2 tu watarudi. Neno hilo lilikuwa tamu, lakini halikutoka kwa Mungu. Yeremia akawaandikia barua ngumu: miaka ni 70. Basi wajenge, walime bustani, wale mazao yake, na wauombee amani mji ule. Tuone vizuri: Mungu hakuwaambia wasahau Yerusalemu, tena aliahidi kuwarudisha. Ila hakutaka wafe njaa wakingoja. Kupanda hakukuwa kukata tamaa. Kulikuwa ni kukubali kwamba Mungu yuko hata Babeli.

Mtauliza, tulime wapi? Bustani yetu ni kiroba. Tumwombe mwenye nyumba ruhusa kwanza. Kisha tujaze udongo uliochanganywa na samadi au maganda ya matoke yaliyooza, tuweke mawe katikati ili maji yapite, tutoboe matundu ubavuni, tupande sukuma wiki na lengalenga. Maji tuliyooshea mboga yatamwagilia. Kiroba kimoja hakitalisha nyumba nzima, lakini siku ambayo mfuko ni mtupu, watoto watapata mboga.

Sasa tusikilize sehemu ya pili ya barua: amani ya mji. Chini yetu unapita mfereji wa Nakivubo. Unabeba maji machafu ya Kampala mpaka kwenye kinamasi, halafu Ghuba ya Murchison, katika Ziwa Viktoria. Mafunjo ya kinamasi huchuja uchafu kabla haujafika ziwani. Na sehemu kubwa ya maji ya bomba tunayokunywa huchotwa Ggaba, katika ghuba hiyo hiyo! Basi anayefyeka mafunjo apande mayuni, na anayetupa takataka mferejini usiku, wote wanachafua kikombe chao wenyewe. Ezekieli 34 inawakemea kondoo wanaokunywa maji safi, kisha wanayavuruga kwa miguu ili wenzao wanywe tope.

Mvua ilipoingiza maji katika nyumba za Namuwongo, tuliwalaumu wengine. Lakini tulipozibua mtaro, mifuko mingine tuliyoitoa ilikuwa yetu. Tunatubu mbele za Mungu na mbele ya jirani.

Kwetu tuliwalilia wale waliochimba dhahabu na koltani bila kuwajali watu waliokaa juu ya ardhi ile. Je, sisi tutamtendea hivyo Muganda aliyetupokea? Hasha! Mtu aliyenyang'anywa shamba ndiye anayejua thamani ya shamba la mwenzake.

Kwa hiyo kila nyumba ianze na kiroba kimoja. Mama mwenye mbegu amgawie asiye nazo, na vijana wasafishe mtaro ulio mbele ya mlango wao, hata kama uchafu si wao. Tukirudi nyumbani, tutarudi na mikono ambayo haijasahau jembe. Tukikaa, tutakuwa tumekula.

Bwana awabariki, na aibariki kazi ya mikono yenu. Amina.