Nyota Iliyozeeka na Maana ya Kutoa

Asubuhi pale Mtae, ukingoni mwa milima ya Usambara, ukungu huweza kulificha bonde lote la Mkomazi. Bonde lipo, limefunikwa tu.

Mbinguni nako yuko mzee aliyefunikwa vivyo hivyo. Katika kundi la Simba, ambalo Waarabu huliita Al-Asad, imo nyota iitwayo CW Leonis. Jicho tupu haliioni. Wataalamu wa Marekani waliitangaza mwaka 1969 kwa vyombo vinavyopokea joto. Imezeeka na kuvimba. Kaboni iliyopikwa tumboni mwake imepanda juu, nayo humtoka pamoja na gesi, kwa mwendo wa kama kilometa 14 kila sekunde, ikawa masizi yanayoizinga na kuificha nuru yake. Masizi ya namna hiyo hayapotei bure: ndani ya vumbi lake huja kutokea nyota na sayari nyingine.

Je, huo ni ukarimu? La. Nyota imevimba hata haiwezi tena kuzuia kilicho chake. Nasi siku ya kufa mali itatutoka hivyo hivyo. Na nani ajisifu kwa kilichomponyoka? Kutoa ni nia, na nia huwapo pale mkono unapoweza kufumba, nawe ukaufumbua.

Basi mzee mwenzangu, uwe una shamba, fedha au elimu, toa ungali na uwezo wa kuzuia. Na watu wakiiona sadaka wasikuone wewe, hiyo ndiyo bora zaidi.