Jina la Mmea ni Ushahidi

Wapo wazazi na walimu wa mijini wanaowahimiza watoto kutengeneza daftari la mimea ya asili: karatasi zilizoshonwa kwa mkono, jani lililokaushwa ndani ya gazeti, na chini yake jina. Ni kazi njema. Lakini hebu tujiulize: mtoto asipolijua jina, aandike nini?

Wengine watasema aandike lolote, mradi ukurasa usibaki mtupu, kwani huo ni mchezo wa watoto tu. Mimi naona hapo ndipo penye mtihani. Anayeandika jina anatoa ushahidi, na atakayelisoma atamwamini.

Tunakosea kwa wepisi. Mwarobaini wengi wanaudhani wa kwetu tangu jadi, kumbe asili yake ni Asia ya Kusini. Mnyaa ni wa Afrika hasa, lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huleta madhara makubwa. Anayeupa mmea kama huo jina la mwingine anamweka mwenziwe hatarini.

Katika karne ya 13, tabibu Rashid al-Din al-Suri alikuwa akipanda milima ya Lebanon pamoja na mchoraji mwenye rangi zake. Ibn Abi Usaybi'a, aliyeishi zama hizo na kuandika habari za matabibu, ameeleza kuwa mmea ulichorwa mara tatu: ukiwa mchanga, ukiwa umekomaa na kutoa mbegu, na ukiwa umekauka. Alitaka atakayeutafuta autambue katika hali yoyote atakayoukuta. Bingwa wa dawa hakutosheka na kuona mara moja. Sisi haraka tunaitoa wapi?

Leo simu zina programu za kutambua mmea kwa picha, nazo zinasaidia. Lakini jibu lake ni dhana, basi na liandikwe hivyo: "simu imesema". Vivyo hivyo: "bibi amesema". Msomaji ajue habari imetoka kwa nani, imechukuliwa wapi na lini. Pasipojulikana jina, nafasi iachwe wazi, na mtoto aurudie mmea baada ya mvua, utakapochanua.

Mtoto aliyezoea kuandika "sijui" bila kuona haya, kesho akiwa karani, fundi au hakimu, hatatia saini jambo asilolijua. Je, si mtu wa namna hiyo tunayemlilia katika ofisi zetu?