Kwa Hiari Yangu

"Nani amewatuma?"

Mama yule aliuliza kwa Kimasai, na mwenyeji wetu akacheka kwanza kabla ya kututafsiria. Ilikuwa saa sita na nusu mchana, Olbalbal, katikati ya kiangazi. Sisi watatu tulikuwa tumejilaza chini ya mgunga, baiskeli pembeni, nyuso nyeupe kwa vumbi. Yeye alikuwa na punda wawili waliobeba madumu ya maji. Mwenyeji wetu alikuwa amemsalimia, "Takwenya, yeyo," akaitikia, "Iko," na shikamoo zetu akazipokea kwa kutikisa kichwa. Kisha akatukagua kama mtu anayekagua ng'ombe wa mnada ambaye hana mpango wa kumnunua.

"Hakuna aliyewatuma," mwenyeji wetu akamjibu. Akatafuta neno, akalikosa, akalichukua la Kiswahili. "Ni hiari yao."

"Aa. Hiari," mama akasema. "Kama ya Msomera."

Akawagusa punda kwa fimbo, akaenda zake.

Tulikuwa tumeanza alfajiri kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kwa baridi ya kuvaa glavu. Kutoka pale barabara inapita bonde la Malanja, halafu inaporomoka. Unateremka zaidi ya mita 800, mikono imekufa ganzi kwa kushika breki, na kadiri unavyoshuka ndivyo kijani kinavyokwisha. Milima uliyoiacha nyuma ndiyo inayozuia unyevu unaotoka Bahari ya Hindi, hivyo upande huu wa magharibi unaishi kwenye kivuli cha mvua. Vumbi lake ni majivu ya volkano, laini kama unga, na tairi ya baiskeli inazama humo mpaka unashuka na kuanza kusukuma. Mto unaopita Korongo la Oldupai huwa na maji kwa msimu tu, na maji hayo hayafiki baharini. Yanaishia hapa Olbalbal, yananywewa na ardhi na jua. Siku ile hayakuwepo kabisa. Tulivuka mchanga mtupu, baiskeli begani.

Na bado kilikuwa kimebaki kile tulichokiogopa tangu asubuhi: kurudi juu.

Tulipopanda, mpaka pale njia ilipoanza kuinuka nilikuwa bado nalitafuna lile neno la mama. Hiari ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni mmoja na wa neno heri. Kwa hiyo ndani yake mna wazo kwamba anayechagua anachukua lililo jema zaidi kati ya mawili. Wahenga nao walisema hiari yashinda utumwa. Nililijua neno hili tangu shule ya msingi, kwenye kujitolea kwa hiari na michango ya hiari (ile ambayo usipoitoa unarudishwa nyumbani). Sikuwa nimewahi kujiuliza hiari inatengenezwa na nini.

Aristotle alijiuliza zamani sana. Katika kitabu chake cha maadili anatoa mfano wa watu walio baharini kwenye dhoruba, wanaotupa shehena majini ili merikebu isizame. Je, wameitupa kwa hiari? Hakuna mwenye akili anayependa kutupa mali yake. Lakini mikono iliyoitupa ni yao, na walijua wanachokifanya. Anaviita vitendo vya namna hiyo mchanganyiko, ila anaona vinaelekea zaidi upande wa hiari. Nimeukubali mfano huu kwa miaka mingi. Pale kwenye mteremko wa Malanja, mapaja yakiwaka moto na upepo wa mashariki ukinisukuma kifuani, nikaona kuna kitu mfano ule haukibebi. Dhoruba ya Aristotle haina ofisi. Haikutumi barua, wala haikuulizi umeamua nini.

Historia ya watu wa Olbalbal na neno hili ni ndefu. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimasai waliweka alama zao kwenye hati ya serikali ya kikoloni, wakakubali kuachana na madai yao juu ya nyanda za Serengeti. Wengi wao hawakuweza kuisoma hati ile. Mwaka uliofuata, 1959, eneo la Hifadhi ya Ngorongoro likatengwa, na humo wafugaji wangeishi pamoja na wanyamapori. Kilimo kikapigwa marufuku 1975, kikaruhusiwa 1992, kikapigwa marufuku tena 2009. Kisha Juni 2022 yakaanza malori ya kwenda Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Anayehama anapewa nyumba ya vyumba vitatu na shamba, na kila tangazo la serikali linarudia maneno mawili: kwa hiari.

Nisiwe mwepesi wa kuhukumu. Hoja ya serikali ina uzito wake. Hifadhi ilipoanza, wakazi walikadiriwa kuwa kama 8,000. Leo wanatajwa kuwa zaidi ya 100,000, na ardhi haijaongezeka hata hatua moja. Wapo waliohama wakiimba, wanaotaka paa la bati na shamba la mahindi lisilo na tembo. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba amedanganywa ni dharau nyingine, ile ya msomi wa mjini anayetaka Mmasai abaki picha kwenye kalenda.

Lakini katika ripoti yake ya Julai 2024, Human Rights Watch iliandika kwamba huduma za afya na elimu ndani ya hifadhi zilipunguzwa, na kwamba wakazi hawakushauriwa ipasavyo. Serikali imekanusha kumlazimisha yeyote. Mwezi uliofuata, maelfu ya wakazi walisimama kwa siku kadhaa kwenye barabara ya watalii, hii hii tuliyoipita. Kama huduma zinapungua mahali, na anayezipunguza ndiye pia mwenye kukuletea lori, basi kwenye merikebu ile nahodha ameshika pia upepo. Shehena utaitupa kwa mikono yako mwenyewe, ni kweli. Ila sijui kwa nini tumuulize maswali mwenye mikono tu.

Nyuma yetu, siku nzima, lilifuata gari. Mahali penye nyati, tembo na simba usingependa kuwa peke yako, hivyo tulikuwa na askari wa hifadhi, na pamoja naye maji, ndizi, mirija ya akiba na pampu. Asubuhi gari lile liliniudhi. Niliona linatia dosari safari yetu, maana shida gani hiyo yenye tela la ndizi? Kwenye kona ya pili ya mlima, mwenzetu mmoja akashuka, akapakia baiskeli yake juu ya gari, akaketi mbele akimenya ndizi. Hakuna aliyemcheka. Nami nikaendelea kukanyaga pedali, gia ndogo kabisa, pumzi kama mvukuto, na kwa mara ya kwanza siku ile nikajua kwa hakika kwamba napanda kwa kutaka. Mlango wa gari ulikuwa wazi mita 20 nyuma yangu. Bila ule mlango, ningekuwa napanda tu kwa sababu usiku unaingia na fisi wapo.

Kwa hiyo sikukubaliana na mwenzetu mwingine tulipofika juu, aliposema huku akikamua soksi kwamba sasa tumeonja maisha ya watu wa kule chini. Tumeonja jua lao na vumbi lao. Mama wa punda hakuwa na mlango nyuma yake, na kesho atapita njia ile ile. Kama shule, zahanati na maji ya Olbalbal yangekuwa yanafanya kazi vizuri, na bado mtu akafunga mizigo kwenda Handeni, hapo ningelikubali lile neno bila kusita. Huduma nzuri hazimzuii mtu kuhama. Ndizo zinazotuwezesha kujua kama alitaka.

Nilimweleza mwenyeji wetu haya yote jioni ile, kwa maneno mengi kuliko haya. Alisikiliza kwa adabu, akiukuna mnyororo wangu tope la vumbi na mafuta kwa kijiti. Kisha akaniambia kuhusu baba yake mdogo, aliyehamia Msomera. Nikamuuliza kama alikwenda kwa hiari.

"Yeye anasema ndiyo," akajibu. "Na namwamini, si mtu wa kusema uongo. Alipendezwa na nyumba." Akageuza pedali, akatazama kama mnyororo unazunguka sawasawa. "Mama mdogo hakuulizwa."

Nikasema pole. Akanyoosha mkono, akaomba kitambaa kingine.