Aliyekaa Kiti cha Kushoto



Nikiwauliza vijana wa hapa Elerai wanitajie dereva Mjerumani wa mbio za magari, jibu huwa moja: Schumacher. Sawa, bingwa wa dunia mara 7, hakuna ubishi. Ila leo nataka niwasogeze karibu na nyumbani, kwa Mjerumani mwingine ambaye wengi wenu hamjawahi kumsikia. Anaitwa Edgar Herrmann. Aliishi Kenya, na alishinda Safari Rally mara 2 mfululizo: 1970 akiwa na Datsun 1600 SSS, na 1971 akiwa na Datsun 240Z, ile nyekundu yenye boneti nyeusi.

Kwa waliozaliwa juzi: Safari ilianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayakuwa mashindano ya kuzunguka uwanjani. Zilikuwa barabara zetu hizi hizi, wazi, zenye ng'ombe, mabasi ya abiria na mama aliyebeba kuni. Kilomita maelfu kwa siku chache, usiku na mchana. Na zilikuwa zinafanyika kipindi cha Pasaka, yaani masika yenyewe. Aliyewahi kupanda milima ya Mbulu mvua ikiwa imekolea haitaji maelezo zaidi. Mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu. Mwaka 1968 tena, 7. Kila kituo kilikuwa na muda wake wa kufika, ukichelewa unaandikiwa adhabu, na mshindi ni yule aliyemaliza akiwa na adhabu chache kuliko wengine. (Hapo peke yake pana mahubiri ya Kwaresima, lakini tuyaache.)

Kilichonishika mimi ni majina. Angalia orodha ya washindi wa miaka hiyo. Herrmann aliposhinda 1970, kiti cha kushoto, cha msoma ramani, alikaa Hans Schüller. 1971, Hans Schüller tena. Nick Nowicki alishinda 1963 na 1968, ile miaka miwili ya magari saba saba, na mara zote mbili alikuwa na Paddy Cliff. Bert Shankland, dereva wa hapa hapa Tanzania, alishinda 1966 na 1967 na Peugeot 404, pembeni yake Chris Rothwell, mara zote mbili. Joginder Singh mwaka 1965 alikuwa na ndugu yake wa damu, Jaswant. Sisi tunawakumbuka madereva. Wao wenyewe walipopata mtu wa kusikilizana naye, hawakumwachia.

Fikiria kazi yake. Ni usiku, vumbi limejaa mpaka ndani, au matope yameziba kioo na waipa zimeshindwa. Dereva anaona mita chache tu mbele yake. Huyu wa pembeni ana daftari magotini na saa mkononi, anamwambia kona ijayo ni kali, baada yake kuna daraja jembamba, na tumeshachelewa dakika nne. Wakati mwingine lazima aseme neno ambalo hakuna dereva anayependa kulisikia: tumepotea, geuza gari. Gari likikwama, anashuka kusukuma. Likipinduka, linapinduka naye.

Sasa linganisha na watu waliosimama kando ya barabara. Mashabiki wanapiga kelele, wanapunga mikono, wanataka kuona gari linaruka. Na likiruka vibaya? Watasikitika, watapiga picha, kisha watakwenda kula. Sisemi ni watu wabaya. Nasema hawamo garini. Vijana wenzangu, ushauri mwingi tunaoupokea siku hizi unatoka kando ya barabara. Yule wa mtandaoni anayekwambia acha chuo ukafuate ndoto yako, yule wa kijiweni anayekwambia huyo binti mwache tu hata kama ana mimba yako, wote wakishasema wanabaki pale pale walipokuwa. Wewe ndiye unayeingia kwenye kona.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye tulikaa naye sana kwenye masomo ya falsafa mpaka wengine wakamchoka (mimi bado), anaweka utayari wa kufundishika kuwa sehemu ya fadhila ya busara. Sababu yake ni ya kawaida kabisa: mambo ya kutenda yana sura nyingi mno, mtu mmoja hawezi kuyaona yote, tena kwa haraka. Kwa hiyo kwake yeye kuomba ushauri si udhaifu wa asiyejua kuendesha. Ni sehemu ya kujua kuendesha.

Fungueni Kitabu cha Tobiti, sura ya 5. Mzee Tobiti ameishiwa na amekuwa kipofu. Anakumbuka talanta kumi za fedha alizoziweka kwa Gabaeli kule Media, anamtuma mwanawe Tobia akazichukue. Tobia haijui njia. Hakuambiwa ajikaze kiume. Aliambiwa atafute mtu anayeijua njia, na hata mshahara wakakubaliana, drakma moja kwa siku. Akampata Rafaeli, bila kujua kwamba ni malaika. Na angalieni kinachotokea sura ya 6, pale samaki mkubwa alipomrukia Tobia mtoni. Rafaeli angeweza kumshika mwenyewe. Hakumshika. Alimwambia Tobia amshike, na Tobia akamvuta hadi nchi kavu kwa mikono yake.

Hilo nalisema kwa sababu wapo wanaonifuata wakitaka niwaamulie: "Frateri, nioe au niende seminari?" Usukani si wangu. Hata padre anayekuongoza kiroho hawezi kuushika. Dhamiri ni yako na hukumu ya mwisho utaitoa wewe mbele za Mungu. Ila kuna tofauti kubwa kati ya kuamua mwenyewe na kuamua ukiwa peke yako.

Kuna kijana wa bodaboda, jina nalihifadhi, na amenipa ruhusa niseme. Pikipiki ni ya mkataba. Mtoto wake akaugua, hesabu ya tajiri ikaanza kulala. Badala ya kusema, akachukua mkopo wa kausha damu kuziba pengo, halafu wa pili kulipa wa kwanza. Kijiweni wakamwambia apige mkeka mmoja wa maana atoke. Akapiga, ukachanika. Alipokuja kwangu alikuwa amebakiwa na wazo moja: auze pikipiki isiyo yake, akimbilie Mererani, mke atajua mbele ya safari. Akaniambia, "Frateri, usinihubirie, nisikilize tu." Nikamsikiliza. Nilimuuliza swali moja, nani mwingine anajua. Akasema hakuna. Hata mke.

Usiku ule akamwambia mke, na hayo ya ndani yao si ya kuandika hapa. Kesho yake akaenda kwa baba yake wa ubatizo, mzee wa jumuiya yetu, fundi seremala mstaafu. Mzee hakumpa hela, hana. Alichukua kofia yake, wakaenda wote kwa tajiri. Mlangoni akamwambia, "Mwanangu, nitakaa karibu na wewe, lakini kusema utasema mwenyewe."

Akasema. Tajiri alifoka vya kutosha, mpaka majirani wakatoka nje. Mzee alibaki amekaa. Mwisho pikipiki haikunyang'anywa, deni likagawanywa kwa miezi sita, na kila Jumamosi jioni kijana anapitia kwa mzee, wanafungua daftari, wanaandika kilicholipwa. Mikeka ameacha, ingawa ananiambia Jumapili mechi zikianza mkono bado unawasha. Kausha damu wanaendelea kumpigia simu kila asubuhi. Zamani alikuwa anaizima. Sasa anapokea.