Kikombe Chake cha Plastiki

Alfajiri, Kawangware inatoka kwa miguu kuelekea Lavington, na Kibera kuelekea Lang'ata: mama fua, masoja, watu wa shamba, mayaya. Kuna nyumba ambako yaya huachiwa mtoto kutwa nzima, lakini chai anywe kwa kikombe chake cha plastiki, na jioni asachiwe mkoba getini. Kwa mtoto anaaminika. Kwa sukari, hapana. Hii si hofu ya wizi. Nani humwachia mwizi mwanawe? Anasachiwa ili akumbuke nyumba ni ya nani.

Katiba ya 2010, ibara ya 28, inamtambulia kila mtu heshima yake. Basi tajiri asiseme, "Si namlipa vizuri?" Mshahara unalipia kufua, kupika na kulea. Kudharauliwa si sehemu ya kazi.