Je, Ni Dhambi ya Uzee?

Liko swali moja ambalo huenda wengi wenu mmejiuliza kwa siri. Mtu alikuwa na kipawa ujanani mwake, akakitumia kwa muda. Kisha kazi, na watoto, na shughuli za dunia zikamshika, akakiweka chini. Miaka thelathini ikapita. Sasa nywele zimekuwa nyeupe, watoto wamekwenda zao, na jioni zimekuwa ndefu. Je, yafaa akiokote tena? Au yampasa kukubali kwamba wakati wake umekwisha, awaachie vijana?

Nasi hatuulizi kama watu wanaotazama mto wenye mafuriko wakiwa juu ya kilima. Katika sanduku letu la bati mna daftari la nyimbo tulizozitunga tulipokuwa vijana, zimeandikwa kwa do, re, mi, sauti nne. Tulikuwa tukitafuta hati ya shamba, tukaliona chini kabisa, mchwa wamekwisha kula pembe yake moja. Tukalifungua, tukajaribu kuimba wimbo wa kwanza polepole, na sauti ikakatika njiani. Pembeni mwa ukurasa palikuwa na alama za kalamu ya risasi, za rafiki yetu aliyekuwa akiimba besi. Naye amekwisha kufariki miaka mingi. Usiku ule hatukupata usingizi upesi. Tulitamani kutunga tena, na papo hapo tuliona haya.

Tulipomweleza ndugu mmoja habari hii alicheka, walakini hakucheka kwa ubaya. Akatutolea hoja tatu. Ya kwanza, kwamba ni majivuno: mzee anayetunga nyimbo anataka asifiwe kabla hajafa. Ya pili, kwamba ni kupoteza wakati, maana siku zilizobaki ni chache, na mashauri ya ukoo, na wagonjwa, na wajukuu vinamngoja. Ya tatu, nayo ndiyo iliyotuchoma, kwamba maji yakimwagika hayazoleki: aliyeacha kazi miaka thelathini hawezi kuirudia pale alipoiachia. Hoja hizi si za kudharauliwa. Lakini kabla hatujazijibu, na tumtazame mtu mmoja ambaye mambo yake yamekwisha kuandikwa na kujulikana, ili tusiamue kwa maneno matupu.

Gioachino Rossini alizaliwa mwaka 1792 katika Pesaro, mji wa pwani ya Italia. Kazi yake ilikuwa kutunga opera, yaani michezo ya jukwaani ambayo wachezaji huyaimba maneno yao badala ya kuyasema. Kwa muda wa miaka ishirini hivi alitunga opera 39, na nyingi zilikuwa za kuchekesha. Ile ijulikanayo zaidi, habari za kinyozi wa Seville, ilichezwa mara ya kwanza Roma mwaka 1816, alipokuwa hajatimiza miaka 24. Nayo yachezwa hata leo. Mwezi wa Agosti mwaka 1829 ikachezwa Paris opera yake ya Guillaume Tell. Alikuwa na miaka 37, na sifa zake zimeenea Ulaya nzima. Baada ya hiyo hakutunga opera nyingine hata kufa kwake, na aliishi miaka 39 zaidi.

Kwa nini aliacha? Wataalamu wa muziki wangali wanabishana. Wengine wasema ni ugonjwa, wengine wasema ni mali, kwa kuwa alikwisha kupata ya kumtosha. Wengine wataja mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1830, yaliyovunja mapatano yake na serikali. Huenda sababu zote zilishikana. Hakunyamaza kabisa, maana alitoa nyimbo chache, na kazi moja kubwa ya kanisa iliyoimbwa mwaka 1842. Lakini kwa jumla kalamu ililala. Tena miaka mingi aliteseka, mwili na roho pia, hata rafiki zake wakahofu kwamba atapotewa na akili. Mkewe, Olympe Pélissier, alimwuguza. Mwaka 1855 wakahamia Paris kutafuta waganga, na huko, kidogo kidogo, akapata nafuu.

Tarehe 15 Aprili 1857 Rossini alimpa mkewe zawadi: kitabu kidogo cha nyimbo sita, maneno yake ni yale yale katika zote, ila kila wimbo una sauti yake. Alizitoa kwa shukrani, kwa sababu ya uuguzi wake wa siku zile ndefu. Angalieni, ndugu, mahali aliporudia. Hakurudia jukwaani, wala hakuzipeleka kwa mpiga chapa. Alirudia nyumbani, kwa mtu mmoja aliyemtendea mema.

Tangu mwaka ule hata kufa kwake mwaka 1868 alitunga vipande 150 hivi, vingi ni vya piano, vingine vya kuimba. Akaviita kwa mzaha dhambi zake za uzee. Vilipigwa Jumamosi jioni nyumbani kwake, mbele ya wageni walioalikwa, naye hakutaka vipigwe chapa maadamu yu hai. Majina yake yachekesha: vinne ni vya vyakula vya kufungulia kinywa, yaani figili, dagaa wa chumvi, matango ya siki, na siagi, vinne vingine ni tini kavu, lozi, zabibu, na njugu. Kimoja chasimulia safari ya gari la moshi linaloacha reli. Naye mwenyewe, bwana mkubwa wa muziki, alijihesabu kuwa mpiga piano wa daraja la nne.

Hata hivyo katika dhambi hizo mna kazi iliyo nzito kuliko mzaha. Mwaka 1863 alitunga misa, akaiita ndogo, ingawa kuiimba hupita saa moja. Iliimbwa mara ya kwanza tarehe 14 Machi 1864 katika nyumba ya tajiri mmoja wa benki huko Paris, siku ya kuwekwa wakfu kanisa dogo la nyumbani mwake. Waimbaji aliowataka ni 12 tu, pamoja na piano mbili na kinanda kimoja cha kukanyaga. Mwisho wa kitabu cha misa hiyo alimwandikia Mungu maneno machache, nusu kwa kucheka na nusu kwa hofu, akiungama kwamba yeye ni mtu wa nyimbo za kuchekesha, na kwamba elimu yake ni haba, akaomba apokewe. Basi yule aliyezoea majumba yenye maelfu ya watu alikuja mbele za Mungu na watu 12, hana hakika kama alicholeta kinafaa.

Sasa na tuzirudie zile hoja tatu, tukizipima kwa habari hii.

Kwanza, majivuno. Hatukatai kwamba mzee aweza kutunga kwa kujivuna; kijana naye aweza. Lakini majivuno yanataka watu wengi, nayo hayawezi kungoja. Anayetunga kwa ajili ya mgonjwa aliye chumbani, au mkewe, au watu wachache wa Jumamosi jioni, na akaridhika, huyo majivuno yamemtoka, au walau yamepungua. Sisi twadhani hapa ndipo uzee unapomfaa mtunzi. Kijana hutunga ili ajulikane yeye ni nani. Mzee amekwisha kujulikana, au amekwisha kukata tamaa ya kujulikana. Na kwa vyovyote amefunguliwa mzigo ule. Utu uzima dawa, na dawa hii yaponya hata kiu ya sifa, ikiwa mtu akubali kuinywa.

Pili, kupoteza wakati. Hapa yatupasa kusema kweli, kwamba Rossini alikuwa tajiri, hakulima, wala hakuhangaika na karo ya wajukuu. Mtu wa kwetu hawezi kumfuata katika hayo. Tena tunakiri kwamba ziko siku ambazo kutunga ni kosa. Mgonjwa akiita usiku, na mzee akasema, ngoja nimalize mstari huu, basi mstari ule umekuwa sanamu. Lakini tujiulize, jioni zile ambazo hakuna aliyeita, twazitumiaje? Wengi wetu twakaa kibarazani tukilalamikia vijana na kurudia malalamiko ya juzi. Hatujasikia mtu akiulizwa kwa nini anapoteza wakati kwa kulalamika. Basi tusiihesabu saa ya kutunga kuwa imeibwa katika kazi, kama imetoka katika saa za manung'uniko.

Tatu, maji yaliyomwagika. Ndugu yetu amesema kweli: hayazoleki. Sisi wenyewe tulipozichungua nyimbo za daftari lile tuliona mengi ya kutuaibisha. Sauti za nyingine tulikuwa tumeziazima katika nyimbo za kanisani bila kujua. Nyingine zapanda juu mno kwa kuwa tulitaka kuonyesha uwezo wa waimbaji wetu. Moja tu ilikuwa njema, nayo ndiyo fupi kuliko zote. Mtu anayerudi akitaka kuupata ule ujana wake atavunjika moyo. Lakini Rossini hakurudi ili atunge opera ya 40. Aliacha ya ujanani yakae ujanani, akatunga ambayo kijana asingaliweza kuyatunga: shukrani ya mtu aliyeuguzwa, kicheko cha mtu aliyewahi kulia, na misa ya mtu ajuaye kwamba safari yake imekaribia mwisho. Maji yaliyomwagika hayazoleki, walakini kisima si maji yale tu.

Tena sisi Walutheri tunaye mwingine wa kumkumbuka, ingawa yeye hakuacha kamwe. Heinrich Schütz, aliyezaliwa mwaka 1585, alikuwa mkuu wa muziki katika jumba la mtawala wa Saksonia huko Dresden, na katika Vita ya Miaka Thelathini aliwaona waimbaji wake wakitawanyika na kukosa mshahara. Alipozeeka aliomba mara kwa mara apumzishwe, akapumzishwa akiwa amepita miaka 70. Je, alifanya nini na mapumziko yake? Alipokaribia miaka 80 alitunga nyimbo za Mateso ya Bwana kama yaandikwavyo na Luka, na Yohana, na Mathayo, kwa sauti za watu peke yake, pasipo kinanda wala zeze. Na mwaka 1671, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, alikuwa amemaliza kuitungia sauti Zaburi ya 119, iliyo ndefu kuliko zote. Mtu huyu na Rossini hawafanani kwa tabia, wala kwa dini hasa. Lakini wote wawili uzeeni walipunguza vyombo, na katika huko kupunguza hawakupungukiwa.

Basi shauri letu ni hili. Mwenye kipawa kilicholala asikiokote ili kuwashinda vijana, wala asiilazimishe kwaya kuimba kazi yake kwa sababu ya mvi zake, maana huko ndiko kuwaonea watoto. Akubali kuwa wa daraja la nne. Amtafute mtu mmoja ambaye anamwia deni la shukrani, amtungie huyo. Na akiona kwamba amekuwa mkali nyumbani, au amewasahau walio wake, aiweke kalamu chini siku hiyo, kwa kuwa wimbo wowote si deni la kwanza.

Nanyi mtatuuliza, je, ninyi mmefanyaje? Daftari la zamani tumelirudisha sandukuni, pamoja na alama za rafiki yetu. Tumenunua jipya, tumetunga wimbo mmoja wa mistari minne, wa jioni. Mama wa nyumba yetu, aliyetuvumilia miaka hii yote, aliuimba mara mbili akiwa jikoni, akasema mstari wa pili ni mgumu, hauna mahali pa kuvuta pumzi. Tuliona uchungu kidogo. Kisha tukakaa, tukaimba wenyewe, tukaona amesema kweli, tukaubadili. Sasa wajukuu wauimba wakianika nguo, na mmoja amekwisha kuubadili tena, wala hatukumkataza.

Ikiwa hiyo ni dhambi ya uzee, ndugu, tunaiungama mbele yenu. Lakini mpaka sasa hatujaona ni nani aliyedhulumiwa.